Stesheni ya Songea kwa Njiti za Kiberiti

Kwanza tafuta meza ambayo hakuna atakayeidai. Hatua hii ni ngumu kuliko zote zitakazofuata. Nyumba nyingi za hapa kijijini Mpitimbi zina meza moja, na meza hiyo ina ratiba kama ya zahanati: asubuhi chai, mchana madaftari ya watoto, jioni sufuria ya ugali. Mimi nilitumia mlango. Ulikuwa mlango wa stoo, mita mbili kwa sentimita 80. Niliung'oa kwenye bawaba, nikaulaza juu ya matofali ya kuchoma kumi na mawili, kando ya magunia ya mahindi. Mke wangu alipouliza mlango umekwenda wapi, nikamjibu umekwenda Songea. Sikusema uongo. Juu ya mlango huo ndipo ilipo Songea yangu, kuanzia Lizaboni hadi chini ya milima ya Matogoro, na ndani yake inazunguka treni.

Najua unachotaka kuuliza. Treni gani? Reli iliyo karibu nasi ni ya TAZARA, na ukitaka kuiona kwa macho yako sharti upande basi hadi Makambako, karibu kilomita 300 kutoka Songea mjini. Watoto wa Ruvuma wanaijua honi ya treni kwa kuisikia kwenye simu. Hapo ndipo mwongozo huu unapoachana na miongozo ya wenzetu. Kule Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili, Gerrit na Frederik Braun, wana jumba la treni ndogo liitwalo Miniatur Wunderland, walilolifungua mwaka 2001. Mji wao mashuhuri humo ndani unaitwa Knuffingen, na mji huo haupo popote duniani, wameutunga. Wao basi wana treni za kweli na mji wa kubuni. Sisi tuna mji wa kweli na treni ya kubuni. Sioni kwa nini wao walipishe kiingilio na sisi tuchekwe.

Sasa kipimo. Mafundi wa Ulaya wanapenda kipimo cha moja kwa 87: mita 87 za kweli zinakuwa mita moja mezani. Fundi wa kijijini hachagui kipimo, anachaguliwa na magurudumu. Kila mtoto aliyewahi kutengeneza gari la waya atakimbilia vizibo vya soda, nami nilikimbilia huko. Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi, na gurudumu halisi la behewa lina karibu milimita 900. Gawanya, unapata moja kwa 28. Safi kabisa, mpaka utakapopima behewa. Behewa la mita 25 linakuwa sentimita 89. Ukiyaunga manane, treni inavuka mita saba: kichwa kiko stoo, daraja la pili liko sebuleni, na behewa la mwisho liko uwanjani kwa jirani, ambaye lazima atadai ushuru.

Kwa hiyo weka vizibo pembeni. Usivitupe, tutavirudia. Chukua vifungo vya shati. Kifungo cha kawaida kina milimita 10 au 11, na ukikizidisha mara 87 unapata gurudumu la treni bila hata kusugua msasa. Kumbe Wazungu nao walichaguliwa na vifungo, ila hawasemi. Mabehewa manane yanataka vifungo 64. Shati moja lina kama saba. Nenda mnadani, fungua belo la mitumba, angalia vifungo tu, usiangalie shati. Muuzaji atakuona mtu wa ajabu, lakini bei itashuka. Vya sare za shule za watoto wako usiviguse. Mimi niligusa, nikaitwa shuleni.

Kwa reli tafuta gurudumu la baiskeli lililopinda. Spoki ina unene wa milimita mbili. Reli nzito ya kisasa ina kimo cha milimita 172. Gawanya kwa 87, inabaki karibu milimita mbili kamili. Sikuamini, nikarudia hesabu usiku kwa tochi. Reli zote unazozihitaji zimekuwa zikizunguka kijijini miaka nenda rudi, zimebeba madumu ya maji na magunia ya mkaa, na hakuna mtaalamu aliyekuja kuzipima. Umbali kati ya reli na reli, kwa reli ya kisasa ya milimita 1,435, ni milimita 16 na nusu, sawa na upana wa kidole changu cha shahada. Weka kidole, gandisha spoki, sogeza kidole. Gundi ya haraka itagandisha na kidole. Hiyo ndiyo gharama ya kufanya kazi bila mkandarasi.

Mataruma ni njiti za kiberiti, na hapa naomba usikilize vizuri, maana uchumi wote wa mji umejificha humu. Taruma la kweli lina urefu wa mita 2.6, ambao kwetu ni sentimita tatu. Yanapangwa kila baada ya sentimita 60, ambazo kwetu ni milimita saba pungufu kidogo. Duara la reli la mita nne, ndilo linaloenea kwenye mlango, linakula mataruma 580. Viberiti kumi na vitano vinatosha. Ukikata njiti ibaki sentimita tatu, kinabaki kipande cha sentimita moja na kidogo chenye kichwa. Usikitupe! Kipime. Ni mtu wa mita moja na sentimita nne. Ni mtoto wa darasa la kwanza, na kofia yake anayo. Umepata reli, na papo hapo umepata wanafunzi 580, jambo ambalo Songea yoyote halisi lazima iwe nalo. Wapange barabarani saa za kutoka shule. Wasikae karibu na mshumaa.

Maboksi matupu je? Boksi la kiberiti, kwa kipimo chetu, lina urefu wa mita nne na nusu na upana wa mita tatu. Yalundike matatu, unapata fremu ya duka: mlango mmoja, ubao wa mbele, na nafasi ya mwenye duka kukaa akiangalia simu. Kumi na tano yanakupa fremu tano. Hivyo ndivyo miji yetu inavyokua, reli iwepo au isiwepo: mtu anaanza na kiboksi.

Mafundi wengi huharibikia kwenye mji. Wanajenga mji msafi, kuta nyeupe, barabara imenyooka, miti imesimama kama askari. Ukiutazama unajua hakuna anayeishi humo. Mji wetu una rangi mbili. Juu ni rangi aliyonunua mwenye nyumba, na chini ni rangi aliyopaka mvua. Udongo mwekundu unaruka kutoka ardhini na kuchafua ukuta hadi nusu mita kwenda juu, kwa hiyo kila nyumba chovya milimita sita za chini kwenye maji ya udongo. Nyumba itakayobaki safi chini, watu watajiuliza mwenyewe anafanya kazi gani.

Bati ni karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya sigara. Ilaze juu ya kitana, pitisha ukucha katikati ya meno, inatoka na mikunjo sawasawa na bati la migongo midogo. Ukitaka kutu, paka chai ya rangi iliyolala, nyunyiza vumbi la tofali, na weka mawe mawili juu ili upepo usiezue. Jengo la ghorofa lisiwe limekwisha. Hili nalisisitiza kuliko yote. Malizia chini tu, weka duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya dari acha nondo zimesimama, vipande vya waya mwembamba vimechongoka kuelekea mbinguni kama nywele za mtu aliyeshtuka. Nondo hizo zinasubiri ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili inasubiri bei ya mahindi.

Miti ni sponji ya godoro kuukuu iliyochemshwa na majani ya kisamvu. Lami ni unga wa mkaa uliochanganywa na majivu. Kokoto za reli ni mchanga mkubwa wa mtoni uliopita kwenye chekecheke na kukataa kupita kwenye ya pili.

Vile vizibo sasa vinarudi. Kizibo kimoja juu ya njiti ni mwavuli wa wakala wa pesa, na kama ni chekundu hakihitaji hata rangi. Panda miavuli mitano kwa kila mita ya barabara. Chini ya kila mwavuli weka stuli, msichana mmoja, na mteja ambaye ametuma pesa kwa namba isiyo yake. Bodaboda ni waya wa sentimita mbili na milimita chache. Dereva asibebe abiria mmoja tu. Apange mishikaki, watatu nyuma yake, wa mwisho akiwa ameshika kuku. Ndiyo, kuku wa 1:87. Ni mbegu ya ufuta. Ukishindwa kumwona, amini tu kwamba yupo.

Abiria wazima nilianza kuwafinyanga kwa unga wa ngano. Nilifinyanga arobaini, nikawavika nyuzi za vitenge, nikawapanga jukwaani wakiwa na mizigo. Asubuhi nilikuta watatu. Panya walikula jukwaa zima, wakaanza na wanene. Tangu siku hiyo abiria wangu wote ni njiti nzima zilizokatwa sentimita mbili, wembamba na wavumilivu. Kosa lingine, ili usilirudie: msimu wa kuuza mahindi ghala la hifadhi ya taifa ya chakula lazima liwe na mlima wa viroba na foleni ya wakulima, na nikaona punje ya mchele inafanana kabisa na kiroba. Nilipanga viroba mia tatu kwa kibano. Kuku wa kweli, wa kipimo cha moja kwa moja, aliingia stoo, stoo ambayo haikuwa na mlango.

Stesheni yenyewe itengeneze kwa gunzi. Wala sitanii. Stesheni kubwa ya treni ya kisasa pale Dar es Salaam ilibuniwa kwa sura ya jiwe la tanzanite. Kama kila mji utajengewa stesheni yenye sura ya kitu chake, Songea haina ubishi: ni mhindi. Pasua gunzi kwa urefu, lilaze, toboa milango, andika SONGEA kwa kalamu ya wino. Ndani weka saa iliyosimama.

Njia kuu inayokatiza mji ipitishe katikati ya mlango, halafu utengeneze malori. Hayo ndiyo yatakayoupa mji wako pumzi. Makaa ya mawe ya Mbinga yanasafiri kwa barabara kwenda bandari ya Mtwara, na lori na trela lake, mita 17 za kweli, ni karibu sentimita ishirini mezani: boksi la dawa ya meno linakaribia hapo kabisa, ila lipunguze upana. Tengeneza mengi. Yapange pua kwa mkia, yamefunikwa turubai jeusi, madereva wako kwa mama lishe. Mjukuu wangu alipoyaona yamejipanga hivyo, kumi na moja kwa mstari, akasema, babu, treni ndiyo hii. Nilimwambia treni iko kule kwenye reli. Akatazama reli iliyokuwa tupu, akatazama malori, akanyamaza kwa heshima.

Ukishaweka barabara kuu, weka hifadhi ya barabara, ama sivyo mji wako ni wa mahali pengine. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anapakwa X nyekundu na kuondoka bila kitu. Aliyekutwa kwenye mita saba na nusu zilizoongezwa anapakwa X ya kijani, maana yake atalipwa. Kwa kipimo chetu, nyekundu inaishia sentimita 26 kutoka katikati ya barabara, na kijani inaishia sentimita 34 na nusu. Nilichukua rula na rangi ya kucha ya binti yangu, nikaanza kupima. Mlango wangu, nakukumbusha, una upana wa sentimita 80. Hifadhi ya pande mbili ilikula 69. Fremu zote tano, kinyozi, mama lishe, stendi ya bajaji, ghorofa yenye nondo, vyote ndani. Reli peke yake ndiyo iliyopona, kwa sentimita moja na nusu.

Sehemu moja niliifanya bila mzaha, nayo ni Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge. Nilisafisha mahali pake, nikaacha uwazi, hakuna wakala wala bodaboda. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu hapo. Ukipanga reli kuzunguka sehemu hiyo unajikuta unafanya hesabu usiyoitaka. Walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Mwaka 1914 walikuwa wamefika Kigoma. Huku kwetu walileta kamba.

Na si kwamba hawakuifikiria reli ya kusini. Waliitafiti: ripoti ya Paul Fuchs kuhusu reli kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa ilichapwa mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Majimaji vilipoanza. Waingereza nao, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walitaka karanga, na kwa ajili ya karanga wakajenga reli upande wa Mtwara hadi Nachingwea, ikaanza kazi mwaka 1949. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kwa hiyo fundi anayetaka uhalisia wa kihistoria, namshauri hivi: jenga reli yako kwa uangalifu mkubwa, taruma kwa taruma, kisha baada ya muda ing'oe, spoki uzirudishe kwenye baiskeli.

Mpango wa sasa ni mkubwa zaidi, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kama kilomita 1,000, na matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma kwenye chuma na makaa. Usithubutu kuujenga wote. Nilipiga hesabu: kwa kipimo chetu ni kilomita kumi na moja na nusu, na njiti za kiberiti zaidi ya milioni moja na laki sita. Ndiyo maana nimefanya duara. Duara lina faida zake. Treni inaondoka Songea, inapita nyuma ya Matogoro, inafika Songea, abiria wanashangilia. Vikao kadhaa vya reli hii vimeendeshwa kwa mtindo huo na hakuna aliyelalamika kwamba alipotea njia.

Kichwa cha treni hakina maelezo mengi. Mota ya redio ya kaseti, betri mbili za tochi, rababendi moja, mwili wa boksi la majani ya chai. Treni ya kisasa ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inafika kilomita 160 kwa saa, na kwa mwendo huo ingezunguka mlango wangu kwa sekunde nane. Yangu inatumia arobaini. Ni kama kilomita 31 kwa saa, mwendo ambao dereva wa bodaboda anakupita, anageuka, anakuuliza unakwenda wapi. Betri zikichoka inasimama nyuma ya Matogoro, na wale abiria wembamba wanaendelea kusubiri jukwaani, mizigo kichwani, wakitazama upande uleule.

Habari husambaa. Jumamosi moja alikuja mzee mmoja wa hapa kijijini, mwenye nyumba yake ya kupangisha Msamala, Songea mjini. Alivua kofia mlangoni, yaani mahali palipokuwa na mlango.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Naambiwa treni imefika.”

“Imefika, mzee. Karibu.”

Hakuitazama treni. Aliinama juu ya mji, mikono nyuma, akafuata barabara kuu taratibu kwa macho, akipita wakala kwa wakala, hadi akafika alipokuwa anapatafuta.

“Hii ni yangu?”

“Ni yako, mzee. Nimeweka na ule mwembe.”

“Umenipaka nyekundu.”

“Ni vipimo, mzee. Uko sentimita ishirini na nne.”

“Pima tena.”

Nikapima tena, mbele yake, kwa rula. Ishirini na nne. Mzee akatafakari. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akaisukuma ile nyumba ya kiberiti, na mwembe wake, polepole, bila kuangusha mtoto hata mmoja wa darasa la kwanza, mpaka ikapita mstari wa ishirini na sita.

“Sasa?”

Sasa alikuwa wa kijani. Nilimweleza kwamba binti yangu ana rangi ya kucha nyekundu tu, ya kijani mpaka mtu aende mjini. Mzee akasema hakuna shida. Akavuta gunia la mahindi, akakaa, akaweka kofia gotini, akaanza kusubiri.